Shangazi, nilimwomba Mungu amchukue mume wangu

Wiki hii nina barua mbili tu. Ya kwanza ni ndefu na nimeiacha karibu kama ilivyokuja, nimetoa majina basi, maana nilijaribu kuifupisha nikaona kila ninachokata ndo kilikuwa na uzito.

SWALI: Shangazi shikamoo. Naomba usiandike jina langu, niite tu mama wa Kimara. Nina miaka 41, ndoa yetu ina miaka 16 na watoto watatu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na presha siku nyingi ila dawa alikuwa anameza kichwa kikimuuma, kikiacha kuuma na yeye anaacha dawa. Mwaka juzi mwezi wa nane akaanza kuvimba miguu, asubuhi na uso unakuwa umevimba, tukadhani ni uchovu, kufika hospitali dokta anatuambia figo zote mbili zimefeli na inabidi aanze mashine ya kusafisha damu wiki hiyohiyo. Toka siku hiyo maisha yetu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tunaamka saa kumi usiku, tunapanda bajaji, saa kumi na mbili yuko kitandani kwenye mashine, masaa manne inazunguka na mi nimekaa kwenye benchi nje na kikapu changu, tukirudi yuko hoi hawezi hata kuongea analala mpaka jioni. Mashine inalipwa na bima yake ya kazini namshukuru Mungu, lakini bima haipandi bajaji wala hailishi watoto, kuna na sindano ya kuongeza damu mara ipo mara haipo tunanunua wenyewe, na genge langu la nyanya na vitunguu nimelifunga maana genge la siku tatu kwa wiki sio genge, wateja wanahamia kwa jirani.

Hayo yote ningeyavumilia Shangazi. Kinachonimaliza ni vitu viwili. Cha kwanza ni yeye mwenyewe kabadilika. Alikuwa mtu mpole mpaka majirani wanamtania, saivi anagomba kwa kila kitu. Maji kapimiwa na dokta, tunatumia kikombe cha plastiki cha bluu, akiona nimefunika jagi ananiambia namuua kwa kiu. Kuna usiku nilimkuta bafuni gizani anakunywa maji ya kwenye ndoo ya kuogea, nikamnyang'anya kopo tukawa tunavutana kama watoto, maji yakamwagika yote, mwisho tukakaa chini tukalia wote wawili. Alafu mama yake akija kutoka kijijini anakuja na madafu, anasema madafu yanasafisha figo, nikiyaficha mi ndo mke mbaya nisiyetaka mwanae apone.

Cha pili ni imani yangu. Naimba kwaya toka nikiwa msichana. Tumeombewa, tumefunga siku 3, siku 7, mpaka 21. Wifi yangu akatuletea mtumishi mmoja akasema figo zimeshafunguliwa katika ulimwengu wa roho ila ile mashine ndo inaonyesha hatuna imani, tukiacha mashine muujiza utaonekana. Mume wangu akataka kukubali, mi nikakataa, na toka siku hiyo mawifi wanasema nimeziba muujiza wa kaka yao. Sasa mwezi uliopita, usiku, katapika mara tatu na mi nimebadilisha mashuka mara tatu, mtoto wa mwisho ana homa chumba cha pili, nikaenda chooni nikafunga mlango nikapiga magoti kwenye sementi nikajikuta naomba Bwana mchukue tu, mchukue nipumzike. Nilisema hivohivo Shangazi, nipumzike, hata sikusema apumzike. Asubuhi nikawa namvalisha viatu maana kuinama hawezi, akanigusa kichwa akasema asante mke wangu. Toka siku hiyo sijaweza kumwangalia usoni. Kwaya nimeacha, nikifungua mdomo kuimba najiona mnafiki. Je nimeshapoteza imani? Mungu atanisamehe? Na nitaendeleaje, maana dokta anasema hii mashine haina tarehe ya mwisho.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikapika, nikarudi nikaisoma tena.

Tuanze na hapo chooni, maana najua hayo mengine yote umeyaandika ili ufike hapo. Mtu aliyepoteza imani hapigi magoti kwenye sementi saa nane za usiku, mtu aliyepoteza imani anaenda kulala. Ulikuwa na neno baya kabisa kifuani na ukachagua wa kumwambia ni Mungu, hukumwambia mgonjwa wala hukumpelekea wifi kwa meseji. Sasa we mwana kwaya unaijua habari ya Eliya, yule nabii aliyeshusha moto, baada ya hapo kakimbia jangwani kakaa chini ya mretemu anaomba afe, kasema imetosha. Ukisoma pale Wafalme wa Kwanza sura ya 19 utaona Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtumia malaika na mkate na chupa ya maji, Eliya akala akalala tena, malaika akamwamsha mara ya pili akamwambia inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako. Hakuambiwa imani yako haba, kaambiwa safari ni kubwa. Mi hilo neno nimelipenda toka nikiwa nauguza na mimi.

Na usikie vizuri ulichoomba. Uliomba kupumzika. Kifo kimeingia pale kwasababu kwa uchovu uliokuwa nao huo ndo mlango pekee uliouona wa kupitia, kwahiyo kazi tuliyonayo mimi na wewe ni kukutafutia mlango mwingine, sio kukutafutia msamaha. Msamaha kama unauhitaji uliupata kabla hujatoka chooni.

Kingine, hivi umeshamfikiria mke wa Ayubu? Kila mtu anamsifia Ayubu kwa uvumilivu na mkewe anasemwa kwenye kila semina ya kina mama, eti alimwambia mumewe amkufuru Mungu afe. Ni sentensi moja tu aliyopewa kitabu kizima, jina lake hata halikuandikwa. Lakini wale watoto kumi waliofukiwa na nyumba, wana saba na binti watatu, aliwazaa nani? Ng'ombe walipotekwa yeye alikuwa hali chakula? Na mwisho wa kitabu watoto kumi wengine wanazaliwa, sijui watu wanadhani zile mimba alibeba nani. Mama yule alifiwa sawasawa na mumewe, alafu juu yake akawa ndo muuguzaji wa majipu, akachoka siku moja akasema neno la hovyo, tunamsema mpaka leo. Anayeuguza haruhusiwi kuchoka, hiyo ndo sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata.

Nije kwa mtumishi. Hapa sitabembeleza mtu. Figo zikifeli kabisa mkojo unapungua au unakata, maji yanabaki mwilini yanapanda mpaka kwenye mapafu mtu anakosa pumzi akiwa kalala kitandani kwake, na madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama bila hodi. Bila mashine ni suala la siku au wiki chache. Kwahiyo uliposema hapana hukuziba muujiza, mume wako yupo hai leo kwasababu ya ile hapana yako. Huyo mtumishi jambo likiharibika angesema mlikuwa na mashaka, kisha angepanda gari lake. Mungu akitaka kuziponya hizo figo mashine haiwezi kumzuia, vipimo vya damu mnapima kila mara, dokta mwenyewe ataona na atawaambia. Mume wako akianza tena hiyo habari mjibu hivo na usiongeze neno.

Madafu nayo. Mama mkwe wako ana mapenzi, na kwa mtu mwenye figo nzima madafu hayana neno, ila kwa mumeo ni hatari kwasababu yana potasiamu nyingi na pia ni maji. Ndizi, parachichi, machungwa, nyanya, viazi, mchicha navyo hivohivo, muulize mtu wa lishe pale kliniki akupe vipimo vyake, viazi na mboga watakufundisha kukata vipande vidogo na kuchemsha kwa maji mengi alafu unamwaga yale maji. Lakini usimwambie wewe mama mkwe. Mama mkwe hafundishwi na mkamwana. Akija safari ijayo mchukue Jumatano akakae na nyie, nesi akamwambie mbele ya mwanae, mwenyewe aone ile damu inavyozunguka kwenye mipira. Ukirudi nyumbani mpe cheo, yeye ndo awe wa kuchemsha mboga na kumwaga maji. Wangu nilimfanyia hivo, aliacha kunigombeza akahamia kugombeza wageni.

Kuhusu kiu, pigana na chumvi kwanza, maana ukimzuia maji huku unampa dagaa wa chumvi unamtesa bure. Uji, mchuzi, chai, tikiti, vyote hesabu ndani ya kikombe cha bluu. Sehemu ya maji yake igandishe vipande vidogo kwenye friji ya jirani kama huna, anyonye kimojakimoja, kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko funda la maji. Kusukutua na kutema ruksa. Na kile kikombe ajimiminie mwenyewe. Huyu ni mwalimu, miaka yote yeye ndo alikuwa anawapa watoto ruhusa ya kwenda kunywa maji, leo anaomba ruhusa kwako, we unategemea asigombe? Alafu ujue sumu zikijaa kwenye damu mtu anakuwa mkali, hapati usingizi, akili inachoka, na wengine wanaingia kwenye sonona kabisa, kwahiyo mwambie dokta kuhusu hizo hasira kama unavyomwambia kuhusu kutapika, nazo ni sehemu ya ugonjwa. Mazungumzo mazito yaache siku ya mashine. Mwongeleshe Alhamisi.

Sasa huo mlango. Jumuiya yako na kwaya yako wamekuja kuomba mara ngapi? Wengi sana, najua, na mkimaliza unawapikia chai. Mwite mwenyekiti wa jumuiya mwambie hivi, nashukuru kwa maombi sasa naomba Jumatano. Mtu mmoja, kila Jumatano, aende na mume wangu akakae kwenye benchi ile wewe ubaki. Usiseme mnisaidie, ukisema mnisaidie watu wanaitikia amina wanaondoka. Sema siku, sema saa, sema na nauli ya bajaji ni kiasi gani. Wawili watakataa wa tatu atakubali, na mara nyingi ni yule uliyekuwa humdhanii. Hiyo Jumatano mwezi wa kwanza usifungue genge. Lala.

Mi nilimuuguza marehemu mume wangu miaka miwili na nusu, kiharusi, na mwaka wa kwanza sikutoka kabisa nikidhani ndo upendo. Siku moja dada yangu akaja akanifukuza nyumbani kwangu mwenyewe, nikapanda daladala mpaka Kariakoo nikazunguka masaa matatu, nikanunua vifungo vya gauni dazani moja. Gauni lenyewe sikuwa nalo. Niliporudi nikamkuta mzee ameogeshwa na shemeji, nywele zimechanwa upande ambao mi huwa sichani, wote wanacheka, na hakuna aliyekufa. Vile vifungo ninavyo mpaka leo.

Halafu kuna jambo mawifi hawajalitaja, mi nalitaja. Kupandikiza figo kunafanyika hapahapa nchini, Muhimbili walianza mwaka 2017 na hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka 2018, zamani wengi walikuwa wanapelekwa India. Anayetoa ni ndugu aliye hai na mzima wa afya, kwa hiari yake, baada ya kupimwa damu na vitu vingine vingi, na binadamu anaweza kuishi vizuri na figo moja. Sio kila mgonjwa anafaa na sio rahisi, dawa za kuzuia mwili usiikatae ile figo atameza maisha yake yote, ila swali linaulizika. Muulize dokta kama mumeo anafaa kuingia kwenye hiyo njia, akisema ndiyo itisha kikao cha ukoo waelezwe na daktari, sio na wewe. Usimlazimishe mtu wala usimnunie atakayekataa. Lakini hao waliosema umeziba muujiza ni ndugu wa damu moja na mgonjwa, na mi ningependa kuwaona siku ya kikao wamekaa mkao gani.

Kwaya rudi. Usirudi kuimba, rudi kukaa tu, kaa mstari wako wa sauti ya pili sijui ya kwanza, wenzio waimbe wewe uwe umefumba mdomo. Unasema unajiona mnafiki, lakini Zaburi ya 88 umeshaisoma mpaka mwisho? Nyingi zinaanza na kilio zinaishia na kusifu, hiyo inaanza na kilio inaishia gizani, hakuna haleluya hata moja, na bado wazee waliiacha humohumo ndani ya kitabu cha nyimbo. Mtu aliiimba ile. Hekaluni.

Na hilo la kumwangalia usoni. Usimwambie ulichoomba, huo mzigo ni wako na Mungu na sasa na mimi, yeye ana wa kwake wa kutosha. Ila mkono wake wenye ule mshipa waliouunganisha kwa ajili ya mashine, ukiweka kiganja juu yake unasikia unatetema, mguno kama wa friji la zamani. Inabidi uguswe kila siku maana mshipa ukinyamaza mnatakiwa kukimbia hospitali hapohapo, na mkono huo haubebi ndoo wala haupimwi presha. Fanya wewe hiyo kazi, kila usiku kabla hamjalala, taa ikiwa imezimwa. Usoni utafika taratibu.

Niandikie mwezi ujao uniambie nani kachukua Jumatano.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Mi ni baba wa miaka 58, Tanga. Mke wangu kapata kiharusi upande wa kulia toka baada ya Idi, binti zetu wako kwa waume zao mbali. Nimesimamisha biashara yangu ya nazi, namuogesha mwenyewe, nambadilisha, nampikia. Wenzangu barazani wanasema nimelishwa limbwata, na kuna mmoja kaniambia dini haikumtaka mwanaume akae jikoni akose sala ya jamaa. Limbwata sijali, ila hilo la dini limeniingia.

SHANGAZI: Wa alaykum salaam kaka yangu. Mi ni wa kanisani lakini nimekulia Pangani, nikatoka na swali lako mpaka kwa sheikh wa mtaani kwetu, hakufikiri hata dakika. Akanikumbusha habari ya Badr, mwaka wa pili wa Hijria, vita ambavyo kila sahaba alitamani aandikwe alikuwepo. Sayyidna Uthman hakuwepo. Mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (SAW), alikuwa anaumwa, na Mtume mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki amuuguze, akampa malipo na fungu la ngawira sawa na mtu aliyehudhuria. Ruqayya alifariki kwa maradhi yaleyale, kwahiyo usidhani alibaki kwa jambo jepesi. Na sheikh akasema kwa madhehebu ya Kishafii kumuuguza mgonjwa asiye na mwingine wa kumwangalia ni udhuru wa kukosa jamaa, sali nyumbani, sali karibu na kitanda na yeye akusikie ukisoma.

Mgeuze kila baada ya masaa mawili ili mgongo na nyonga visitoke vidonda, na ukimlisha mkalishe wima, vitu vya majimaji mpe polepole kwa kijiko maana baada ya kiharusi watu wengi wanapaliwa, chakula kinaingia kifuani kinaleta nimonia. Mazoezi ya mkono usingoje, waulize hospitali leo. Na dawa ya presha asiache hata akijisikia mzima, umeshasoma hapo juu kilichompata mwalimu.

Hao wa barazani waambie ni kweli, umelishwa limbwata, umelishwa miaka yote ya ndoa yako kila mchana, lilikuwa linaitwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na sasa ni zamu yako kupika.